Funua Mashavu ya Sato

Swali linalonifuata kuliko mengine yote katika kazi yangu ya ugani wa uvuvi hapa Mwanza halihusu bei ya mabondo wala nyavu haramu. Linatoka kwa mama aliyenunua sato wake Kirumba Mwaloni, akafika nyumbani, akakaa na kisu chake ampare, na karibu na shina la pezi akakuta kitu kama uzi mgumu kimechomoza kwenye nyama, pembeni pamevimba, pekundu. Ananipigia simu papo hapo. "Dada, samaki wangu ana mnyoo. Nimtupe?"

Asimtupe. Sato wa leo ana bei, na kitu kile hakimdhuru mtu. Akate kipande chenye kidonda, aoshe samaki wake, amkaange au amchemshe mpaka aive, watoto wale washibe. Viumbe wa aina hii hawawezi kuishi ndani ya binadamu; maisha yao yote ni samaki na maji. Halafu namwambia kwamba alichokiona si mnyoo hata kidogo, na hapo simu hurefuka, maana watu hawaamini wakiambiwa ni jamaa wa kaa.

Ni jamaa wa kaa kweli, na wa kamba, na wa uduvi. Wanasayansi huwaita wote hao krasteshia. Uduvi wa ziwa letu anajulikana: yule mdogo, angavu, anayenaswa pamoja na dagaa usiku wa taa. Sangara humla kwa wingi, hasa tangu furu walipopungua. Sasa katika ukoo huohuo wapo waliogeuza kibao. Hawangoji kuliwa na samaki. Wao ndio wanaomla samaki, akiwa hai, kidogo kidogo.

Mkubwa wao ni chawa wa samaki. Anayetaka kumwona asimtafute kwa samaki aliyelala kwenye barafu, maana samaki akishakufa chawa huachia na kwenda zake. Nenda mwaloni alfajiri mitumbwi inapofika, umtafute kambale au kamongo ambaye bado anatweta. Angalia ngozi ya kichwa, chini ya taya, na kwenye mikunjo ya mapezi. Utaona doa la rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, bapa, lenye upana wa milimita tano hivi, pengine zaidi. Ukiligusa kwa ukucha, linateleza upande. Hilo doa lina macho.

Mimi huwa namtia kwenye sahani nyeupe yenye maji ya ziwa, na watoto wa mwaloni hujazana. Akiwa majini si yule aliyekuwa amelala. Anaogelea upesi kwa jozi nne za miguu, anazunguka ukingo wa sahani, anajibinua, anarudi. Mwili wake ni ngao nyembamba inayopitisha mwanga, na ndani yake unayaona matawi ya tumbo lake yalivyojaa alichokinywa. Macho yake mawili meusi yanaonekana bila kioo cha kukuzia. Mgeuze chali ndipo utakapojua ni yupi kati ya wawili tulionao. Akiwa na vikombe viwili vya kunyonyea, vya mviringo, vilivyo sawa kabisa kwa ukubwa, huyo ni Argulus, na kati ya vikombe hivyo ana sindano anayomchomea samaki. Akiwa na kulabu mbili badala ya vikombe, huyo ni Dolops ranarum, spishi pekee ya jenasi yake inayopatikana Afrika. Yeye hang'ang'anii kwa kunyonya. Anazamisha kulabu kwenye ngozi na kubaki hapo, hata samaki ajisugue kwenye mawe.

Chawa hawa, dume kwa jike, hunyonya. Lakini hawajafungwa kwa samaki mmoja. Jike akitaka kutaga humwacha samaki wake, anatafuta kitu kigumu, jiwe au gogo, anayagandisha mayai kwa mistari, kisha anamtafuta samaki mwingine. Naomba msomaji alishike jambo hilo la kitu kigumu, maana tutalihitaji.

Yule wa mama wa Kirumba ni mwingine, na maisha yake yananishangaza hadi leo. Anaitwa Lernaea. Huanguliwa akiwa kitoto kisichoonekana kwa macho, anaelea majini na kujivua ngozi mara kadhaa, kisha anafika kwenye mashavu ya samaki na kukulia hapo. Dume na jike hupandana wakiwa wadogo hivyo. Dume hufa. Jike huondoka, huchagua mahali mwilini, akajitumbukiza kichwa mbele, chini ya gamba, mpaka ndani ya nyama. Akishaingia, kichwa chake kinaota matawi yanayotambaa kila upande ndani ya nyama, na hapo safari yake imekwisha, hatatoka tena. Mwili unarefuka na kupoteza sura yote ya ukoo wa kaa. Kinachobaki nje ni ule uzi, na mwishoni mwake vifuko viwili virefu vya mayai, kila kifuko na mamia yake. Ukimvuta kwa vidole anakatika, kichwa kinabaki. Ndiyo maana nasema kata kwa kisu.

Kwa samaki hai, tabu kubwa ni kile kidonda. Gamba limeng'oka, ngozi iko wazi, na maji ya ziwa hayakosi bakteria wala ukungu. Sato mkubwa mwenye nyuzi mbili au tatu ataishi, ila atakonda na bei yake mwaloni itashuka, kwa kuwa mnunuzi akiona wekundu anasogea meza ya pili. Kifaranga wa urefu wa kidole akipata hao watatu, matawi yale yanaweza kufika mpaka kwenye viungo vya ndani, na huyo haponi.

Kuna la hali ya hewa pia. Katika nchi za baridi, maji yakishapoa kipindi cha baridi, Lernaea hazaliani, na samaki wanapata miezi ya kupumua. Ziwa letu halina miezi hiyo. Maji ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 27 karibu mwaka mzima, na katika joto hilo yai la leo ni jike mwenye mayai yake baada ya wiki tatu hivi. Kizazi kinafuata kizazi, Januari hadi Desemba.

Kundi la tatu ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa mama wa jikoni halioni na mvuvi halioni. Linakaa ndani ya mashavu, yaani matamvua kama yanavyoitwa vitabuni. Funua kifuniko cha shavu la sato aliyevuliwa sasa hivi. Panapaswa kuwa pekundu kwa damu, nyuzi zake zimepangana vizuri, hakuna zilizoshikana. Ukiona pamepauka, pana ute mzito, na kwenye ncha za nyuzi pana vidoa vyeupe vilivyoning'inia, chukua kioo cha kukuzia. Huenda ni Lamproglena, anayeubana uzi wa shavu na kunywa damu. Spishi iitwayo Lamproglena monodi hukaa kwa sato na jamaa zake, na Lamproglena clariae hukaa kwa kambale. Huenda ni Ergasilus, mdogo zaidi, mwenye mikono miwili yenye kucha anayoukumbatia uzi kama mtu aliyeshika mlingoti. Kwa Ergasilus ni jike tu anayeishi juu ya samaki. Dume lake linaogelea huru ziwani maisha yake yote.

Shavu ndilo pafu la samaki. Kila uzi uliobanwa ni pumzi iliyopungua. Samaki mwenye mashavu mabovu hali vizuri, hakui, na siku hewa inapopungua majini yeye ndiye wa kwanza kuelea.

Elimu hii si ngeni hapa, ingawa haijafika mialoni. Dolops ranarum alipewa jina la kisayansi mwaka 1891 na Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyepita pande hizi akiwa katika msafara wa Emin Pasha. Miaka ya 1950, Mwingereza Geoffrey Fryer alifanya kazi Jinja, kwenye shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki la wakati huo. Mwaka 1961 alichapisha maelezo ya krasteshia vimelea wa samaki wa Ziwa Victoria na wa Mto Nile unaotoka ziwani, na mwaka 1968 akaandika kuhusu wa Afrika nzima. Mpaka leo huwezi kuandika juu ya viumbe hawa bila kupita kwake. Na wa kwetu wamefanya. Chacha Mwita na Gamba Nkwengulila wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 2004 utafiti kuhusu vimelea vya kambale wa Ghuba ya Mwanza, ghuba hiihii ambayo sasa magari yanaivuka kwa daraja la Kigongo hadi Busisi.

Basi kama chawa wamekuwepo tangu zamani, kwa nini niandike leo? Kwa sababu ya vizimba.

Samaki aliye huru ziwani ana nafasi. Kitoto cha Lernaea kilichoanguliwa katikati ya maji mengi kina siku chache tu za kumpata samaki, na vingi hufa bila kumpata. Chawa aliyeacha samaki ili atage anaweza asimwone mwingine. Hivyo ndivyo ziwa lilivyoishi na vimelea hivi muda wote huo: vilikuwepo, havikushinda. Kizimba kinaondoa umbali huo. Maelfu ya sato wamo ndani ya wavu mmoja, ubavu kwa ubavu, na kitoto kinachoanguliwa hapo hakisafiri popote. Na kile kitu kigumu nilichoomba kishikwe? Kizimba chenyewe ni kitu kigumu. Mapipa ya kuelea, mabomba ya fremu, kamba zilizoota mwani, vyote ni mahali pa chawa kutagia, mita moja tu kutoka mlo wake.

Mimi siko kinyume na vizimba. Nasema hivyo wazi kwa kuwa baadhi ya wenzangu wakisikia habari hizi hudhani napinga. Sangara wamepungua, vijana wa mialo hawana kazi, na sato wa kizimba analisha familia. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba hapa Mwanza kwa vikundi vya wavuvi na wafugaji, na nimeona kwa macho yangu vijana waliokuwa wakivuta kokoro usiku wakawa watu wa kupima chakula na kuandika daftari. Nataka vizimba hivyo vidumu. Ndiyo maana nataka tumtazame aliyetutangulia.

Norwe walianza kufuga samoni kwenye vizimba baharini kiasi cha mwaka 1970. Chawa wa samoni, naye krasteshia, alikuwepo baharini tangu hapo, haba, asiyemsumbua mtu. Vizimba vilipoongezeka, naye akaongezeka. Wakamwaga dawa. Dawa zikafanya kazi, kisha zikaanza kushindwa, kwa sababu waliopona ndio waliozaa. Leo chawa huyo ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za ufugaji wa samoni. Sheria ya Norwe inamtaka mfugaji ahesabu chawa na kutoa taarifa kila wiki, na kiwango kinachoruhusiwa ni wastani wa nusu ya chawa jike mkomavu kwa samaki mmoja, yaani jike mmoja kwa kila samaki wawili. Majira ambayo samoni wachanga wa porini wanatoka mitoni kwenda baharini, kiwango kinashushwa zaidi. Nchi tajiri ile, yenye maabara na meli, imefikia kuhesabu chawa mmojammoja.

Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakifanya jambo lingine: wanatia ndani ya vizimba samaki wadogo wa jamii nyingine, ambao kazi yao ni kudonoa chawa kwenye miili ya samoni na kuwala. Wengi wa samaki hao hufa humo vizimbani, na wenyewe Wanorwe wanalilalamikia hilo. Lakini fikra yenyewe, ya samaki msafishaji, ni ya kweli na ni ya zamani, na hapa nataka twende taratibu, kwa sababu Ghuba ya Mwanza ilikuwa na wasafishaji wake.

Walikuwa furu. Watu wa umri wangu tulikua tukiwaona furu kama samaki wa watoto, wa kuvua kwa ndoano ya pini na kukausha juu ya mwamba. Mwaka 1977 timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kuwachunguza furu wa Mwanza mmojammoja. Iligundua kwamba wale tuliowaona ni kitu kimoja walikuwa spishi mamia, kila moja na chakula chake: wa konokono, wa matope, wa wadudu, wa vifaranga wa wenzao. Mwaka 1981 Frans Witte na Els Witte-Maas walichapisha maelezo ya spishi mbili mpya ambazo chakula chao kilikuwa vimelea vya kwenye miili ya samaki wengine. Wakaziita Haplochromis cnester na Haplochromis teunisrasi. Ziwa lilikuwa limejitengenezea watu wake wa usafi, na sisi hatukuwa tumejua.

Miaka michache tu baadaye sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alifurika Ghuba ya Mwanza. Furu, ambao awali walikuwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wanaokokotwa kutoka chini ya ziwa, walianguka karibu kutoweka. Baadhi wamerudi tangu miaka ya 1990. Spishi nyingi hazijaonekana tena. Mtu akiniuliza hasara ya furu ni nini, huwa sianzi na uzuri wa rangi zao, ingawa walikuwa wazuri. Huanza na hao wawili. Ukiondoa samaki anayekula chawa, umemwondolea chawa sababu mojawapo ya kupungua.

Turudi vizimbani, kwenye yanayoweza kufanyika wiki hii.

Kijana mmoja wa kizimba upande wa Ilemela alinipokea asubuhi kwa haraka. "Shikamoo mama. Samaki wanahema juu, hewa imeisha." Nikaitikia marahaba, nikamwuliza wameanza saa ngapi. Akasema tangu jana mchana. Hapo nikajua tuanzie mashavuni. Hewa ikipungua majini, samaki wote huhema pamoja, hasa kuelekea alfajiri, na jua likipanda wengi hupata nafuu. Samaki wenye vimelea kwenye mashavu huhema hata saa nane mchana, na si wote. Wapo wanaohema na wenzao wako chini wanakula. Tulitoa mmoja, tukafunua shavu. Lilikuwa limepauka, limejaa vidoa. Alinyamaza kidogo kisha akasema alikuwa ameshaagiza dawa ya kuua wadudu wa pamba, aimwage.

Nawasihi wote: msimwage. Kizimba hakina ukuta. Ulichomwaga kinatoka dakika hiyohiyo kwenda kwa dagaa, kwa uduvi, kwa anayechota maji ya kunywa. Mwaka 1999 Ulaya ilifungia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na wanaokumbuka viwanda vya minofu vilivyosimama wakati ule hawahitaji nieleze zaidi.

Dawa ya kwanza ni kifaranga safi. Vimelea vingi huingia kizimbani vikiwa vimepanda juu ya kifaranga kutoka bwawa la kutotoleshea. Usipokee mfuko na kuumimina. Chukua wachache bila kuchagua, waangalie ngozi na mashavu kwa kioo mchana peupe, na ukiweza waweke wote kwenye tangi au bwawa la pembeni kwa wiki tatu, muda wa kizazi kimoja cha Lernaea, kabla ya kuwachanganya na wengine. Huko tangini ndiko kunakofaa kuwaogesha kwa maji ya chumvi, kwa kipimo atakachokupa mtaalamu, maana chumvi ikizidi inaua kifaranga kabla ya chawa.

Ya pili ni msongamano, na hapa vijana hubishana nami kila mara kwa sababu samaki wachache wanaonekana kama fedha chache. Samaki wachache wenye mashavu mekundu hula vizuri, hukua upesi na hufika sokoni bila doa. Nawaambia wapige hesabu ya chakula kilicholiwa na samaki waliokufa mwezi wa tano.

Ya tatu ni wavu. Utoe, uuanike juani mpaka ukauke kabisa, sugua mapipa. Mizoga iondoke siku hiyohiyo. Wapo wafugaji wa samaki aina ya trauti huko Uingereza ambao hutumbukiza mbao majini makusudi ili chawa waje kutaga juu yake, kisha huzitoa na kukwangua mayai kabla hayajaanguliwa. Mbao tunazo, jua tunalo, na hakuna anayemwaga sumu. Nimeanza kuwashawishi vikundi viwili vitatu wajaribu, wakinipa ruhusa ya kuzitazama mbao zao kila Jumatatu.

Na ya nne, ninayoitaka kuliko zote, ni kuhesabu. Samaki wachache kila wiki, walewale wanaopimwa uzito: wangapi wana uzi, wangapi wana chawa, mashavu ya wangapi yamepauka. Mistari mitatu kwenye daftari. Ukimkuta usiyemfahamu, usimkaushe wala usimtie kwenye chumvi. Mweke kwenye kichupa cha spiriti ya duka la dawa, andika tarehe, mwalo, aina ya samaki na mahali mwilini ulipomtoa, umlete Nyegezi kwa watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, au umkabidhi afisa uvuvi wa kata yako. Andika kwa penseli, na karatasi uitie ndani ya kichupa pamoja naye, kwa sababu spiriti hufuta wino wa kalamu.